Vifaa vinavyohisi ufa kabla ya jicho kuuona

Fundi wa stima anayetumwa kurekebisha nyaya katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Elburgon, Kaunti ya Nakuru, hapaswi kupanda nguzo kabla ya kuigonga. Huigonga kwa nyundo karibu na ardhi, mahali ambapo unyevu wa msitu wa Mau hukaa muda mrefu, kisha husikiliza. Nguzo nzima hujibu kwa mlio mkavu na mkali. Iliyooza kiini hutoa mlio mzito uliofifia, kama wa debe lililojazwa mchanga. Fundi mwenye busara akiusikia mlio huo hukunja kamba zake na kuomba nguzo nyingine.

Kipimo hicho ni cha kale na gharama yake ni nyundo tu. Kina sifa moja inayosahaulika: anayesikia mlio ndiye anayeamua kupanda au kutopanda, na maisha yaliyo hatarini ni yake mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba nguzo hupimwa siku ile tu fundi anapofika. Miezi mingine yote nguzo huachiwa upepo na Mungu.

Kwa nguzo ya kijijini, hilo huenda likavumilika. Kwa daraja linalopitisha malori usiku na mchana, kwa bwawa lililo juu ya makazi ya watu, au kwa bawa la ndege, miezi hiyo ndiyo yenye hatari. Ndiyo sababu, tangu miaka ya 1980, wahandisi wamekuwa wakitafuta namna ya kuifanya malighafi yenyewe ijigonge na kujisikiliza. Jitihada hizo zimezaa malighafi changamano, au kwa jina la kitaalamu kompositi, ambazo ndani yake hufumwa vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima mvutano, joto, mtikisiko na sauti. Wataalamu huziita kompositi erevu. Jina hilo lina mbwembwe kidogo, kwa kuwa malighafi hizo hazifikiri chochote. Zinahisi tu.

Wazo la kompositi si geni kwa wakazi wa Elburgon, mji uliokulia kwenye biashara ya mbao. Gogo la saipresi lenyewe ni kompositi ya asili: nyuzi ndefu, imara, zilizoshikanishwa na gundi ya asili inayozizuia zisipinde wala kutawanyika. Nyuzi peke yake ni kama kamba, hazisimami; gundi peke yake huvunjika kama kigae. Zikiungana zinabeba paa. Nyumba ya fito na udongo imejengwa kwa hekima hiyo hiyo.

Mfano ulio karibu zaidi na kazi ya wahandisi wa leo ni plaiwudi, bidhaa ambayo viwanda vya eneo hilo vimeitengeneza kwa miaka mingi, ingawa marufuku ya ukataji miti iliyowekwa Februari 2018, ambayo Rais William Ruto alitangaza kuiondoa akiwa Molo Julai 2023, iliviacha vingi vikiwa vimefunga milango. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mbao zilizobandikwa moja juu ya nyingine, nyuzi za tabaka moja zikikatiza zile za tabaka jingine. Kila aliyewahi kuiacha plaiwudi nje mvua ikainyeshea anajua pia udhaifu wake mkubwa. Ubao hauvunjiki. Tabaka huachana polepole kwa ndani, na kwa muda fulani uso wa juu hubaki laini na wa kupendeza kana kwamba hakuna lililotokea.

Ugonjwa huo wa tabaka kuachana ndio unaowanyima usingizi watengenezaji wa kompositi za kisasa. Hao, badala ya nyuzi za mti, hutumia nyuzi za kioo au za kaboni, na badala ya gundi ya mbao hutumia resini. Faibaglasi inayojulikana sana na mafundi wa jua kali ni mojawapo. Nchini Kenya kompositi hizi zipo mahali pengi kuliko inavyodhaniwa. Mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo iliyoko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, ambayo iliunganishwa na gridi ya taifa Septemba 2018 na ina uwezo wa megawati 310, huzungushwa na mapanga ya kompositi yenye urefu wa takriban mita 25 kila moja. Ndege aina ya Boeing 787, ambayo shirika la Kenya Airways lilipokea ya kwanza Aprili 2014, ina karibu nusu ya uzito wake katika kompositi.

Bati la ndege ya zamani likigongwa na gari la mizigo uwanjani hubonyea, na kila mtu huona. Kompositi ikigongwa hurudi umbo lake. Juu panaweza kubaki alama ndogo tu, ilhali chini tabaka kadhaa zimekwisha kuachana. Kwa hiyo ukaguzi wa macho, ambao umelinda madaraja na ndege za chuma kwa zaidi ya karne moja, hautoshi tena. Ama fundi apitishe mashine ya mawimbi ya sauti juu ya kila sehemu, kazi inayochukua siku nyingi, ama kifaa kinachosikia kiwekwe ndani tangu siku ya kwanza.

Kifaa kilichofaulu zaidi kati ya vile vinavyowekwa ndani ni uzi wa kioo, wa jamaa ile ile ya faiba zinazoleta intaneti mijini. Unene wake ni kama sehemu ya nane ya milimita. Mwaka 1978 mtafiti Kenneth Hill na wenzake katika Communications Research Centre mjini Ottawa, Kanada, waligundua kwamba mwanga wa leza unaweza kuchora ndani ya kiini cha uzi kama huo safu ya mistari midogo mno. Mistari hiyo hufanya kazi kama kioo cha kujitazamia kinachochagua rangi. Mwanga wa rangi nyingi ukipitishwa kwenye uzi, rangi moja hurudishwa na zilizosalia huendelea na safari.

Rangi ipi itarudi hutegemea nafasi iliyopo kati ya mstari na mstari, na hapo ndipo penye siri. Uzi ukivutwa, nafasi hupanuka na rangi inayorudi husogea upande mmoja. Ukibanwa, husogea upande wa pili. Kifaa cha kusomea kilicho mwishoni mwa uzi hupima msogeo huo. Kwa mwanga unaotumika sana, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,550, mvutano wa sehemu moja kwa milioni husogeza rangi kwa takriban pikomita 1.2, na vifaa vya leo huweza kuuona msogeo huo. Sehemu moja kwa milioni ni sawa na kuivuta kamba ya kilomita moja mpaka irefuke kwa milimita moja. Tena uzi mmoja huweza kuchorwa mistari katika sehemu nyingi, kila sehemu ikirudisha rangi yake, mithili ya matatu inayopita vituo vingi katika barabara moja na kila kituo kikijulikana kwa jina lake.

Kanada ndiko pia uzi huo ulikofikishwa barabarani mapema. Daraja la Beddington Trail mjini Calgary, lililofunguliwa mwaka 1993, lilikuwa miongoni mwa madaraja ya kwanza duniani kutumia kamba za nyuzi za kaboni ndani ya zege badala ya nyaya za chuma pekee, huku nyuzi za kioo zenye vihisi zikiwa zimewekwa humo humo. Lengo halikuwa kuonyesha ufundi. Hakuna aliyejua kamba za kaboni zingetendaje baada ya miaka mingi ya barafu na malori, na njia ya pekee ya kujua ilikuwa kuzifanya ziseme zenyewe.

Zipo njia nyingine. Vipo vigae vidogo vinavyotoa umeme vinapobanwa, sifa ambayo ndugu Jacques na Pierre Curie wa Ufaransa waliionyesha mwaka 1880, na ambavyo pia hutikisika vinapopewa umeme. Kigae kimoja hutuma mtikisiko ndani ya ubao wa kompositi na kingine huupokea. Ukifika umebadilika, kuna kitu njiani. Hiyo ni ile nyundo ya fundi wa stima, ila hugonga mara elfu kwa siku. Aidha, kwa vile kaboni hupitisha umeme, nyuzi zake zikianza kukatika ukinzani wa umeme hubadilika, na kompositi huwa kihisi bila ya kuongezewa chochote.

Hata hivyo, kwa Bonde la Ufa la kati, kompositi yenye manufaa ya karibu zaidi huenda si ya ndege wala ya daraja. Ni kitambaa.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo lililokuwa kwenye shamba moja kubwa huko Solai, ndani ya Kaunti hii ya Nakuru, lilipasuka na maji yakaua zaidi ya watu 40. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani karibu na Kijabe, baada ya mfereji uliopita chini yake kuziba, yalivunja kizuizi na kuviteremkia vijiji vya Mai Mahiu. Makumi ya watu walikufa. Katika visa vyote viwili walioishi chini hawakupata onyo ambalo lingewatosha kukimbia.

Tuta la udongo halivunjiki ghafla kama kikombe. Kwanza maji hupenya, yakachonga njia nyembamba ndani, yakabeba chembe za udongo, na njia ikapanuka. Au mteremko huanza kusogea kwa milimita chache, kisha sentimita. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, pengine siku, na yote hufanyika mahali ambapo jicho halifiki. Viwanda vya Ulaya sasa vinafuma vitambaa vizito vya kuimarisha ardhi ambavyo ndani yake mna nyuzi za kioo. Kitambaa hutandazwa ndani ya tuta wakati wa ujenzi. Kikivutwa, kinasema wapi kimevutwa. Maji yakianza kupenya, joto la mahali hapo hubadilika, kwa kuwa maji ya bwawa na udongo mkavu havina joto sawa, na uzi huhisi tofauti hiyo.

Uholanzi, nchi ambayo sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari, haikuridhika na maneno ya wauzaji wa vifaa hivyo. Katika mradi uliojulikana kama IJkdijk, kuanzia mwaka 2008, wahandisi walijenga matuta halisi katika mkoa wa Groningen, wakayajaza vihisi vya kila namna, kisha wakayabomoa kwa makusudi huku wakitazama ni kihisi kipi kingesema kwanza. Ni jaribio la kiungwana.

Ubaya wa vifaa hivi nao unastahili kutajwa waziwazi, maana wauzaji hawautaji. Uzi wa kioo hauhisi mvutano pekee. Unahisi joto pia. Nyuzijoto moja huusogeza mwanga kwa takriban pikomita 10, sawa na mvutano wa sehemu nane kwa milioni. Elburgon iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri yake huwa na ukungu na baridi, na mchana jua likawaka. Joto likipanda kwa nyuzi 15, daraja litaonekana kana kwamba limevutwa sana, kumbe limeota jua tu. Kwa hiyo ni lazima uwepo uzi wa pili usiobeba mzigo wowote, wa kupima joto peke yake, ili hesabu ya kwanza isahihishwe. Mhandisi akiusahau, ving'ora vitalia kila adhuhuri, na baada ya wiki mbili hapatakuwa na anayeinua kichwa.

Halafu kihisi chenyewe ni jeraha. Unywele wa kaboni una unene wa mikromita 5 hadi 7, nao uzi wa kioo una mikromita 125. Kuupenyeza uzi huo katikati ya nyuzi za kaboni ni sawa na kuficha gogo ndani ya mzigo wa vijiti: pembeni mwake hubaki nafasi inayojazwa na resini tupu, na nafasi hiyo huweza kuwa chanzo cha ufa ule ule uliokuwa ukitafutwa. Uzi ukilazwa sambamba na nyuzi nyingine madhara hupungua. Mahali unapotokea nje ndipo hukatika kwa urahisi zaidi, na ukikatika ndani hautibiki. Isitoshe, daraja hujengwa kwa kutarajiwa kudumu miaka 100, ilhali kompyuta inayosoma vihisi huzeeka baada ya miaka michache.

Suala la wezi linafaa kuzungumzwa humu nchini kuliko kwingi. Januari 2022, milingoti ya umeme iliyo kwenye njia ya Kiambere hadi Embakasi iliporomoka na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu, serikali ikisema milingoti ilikuwa imehujumiwa. Uzi wa kioo hauna mnunuzi katika biashara hiyo. Betri, paneli ya sola na kisanduku cha kusomea vilivyo mwisho wa uzi huo vina wanunuzi.

Lakini kikwazo kikubwa si joto, si unene wa uzi, wala si mwizi. Tarehe 1 Agosti 2007, daraja la barabara kuu ya I-35W mjini Minneapolis, Marekani, lilianguka katika Mto Mississippi na watu 13 wakafa. Daraja hilo lilikuwa likikaguliwa kila mwaka. Picha zilizopigwa mwaka 2003 zilikuwa zimeonyesha wazi vipande vya chuma vya viungo vikiwa vimepinda. Daraja jipya lililofunguliwa Septemba 2008 liliwekewa vihisi zaidi ya 300. Ni hatua njema, ila daraja la kwanza halikuanguka kwa kukosa dalili.

Kisa cha chombo cha kuzamia baharini cha Titan, cha kampuni ya Marekani ya OceanGate, ndicho kinachohusu kompositi moja kwa moja. Kiwiliwili chake kilikuwa cha nyuzi za kaboni, chenye unene wa takriban sentimita 13, na kilifungiwa vihisi vya sauti na vya mvutano. Mwenye kampuni alivisifu kuwa vingeonya mapema na kumpa rubani nafasi ya kupanda juu. Tarehe 15 Julai 2022, chombo kikirejea kutoka kwenye mabaki ya meli ya Titanic, kishindo kikubwa kilisikika. Vihisi vilikirekodi. Katika safari zilizofuata vipimo vya mvutano vilionyesha kwamba kiwiliwili hakikuwa kikijibu shinikizo la maji kama awali. Tabaka zilikuwa zimeanza kuachana, ule ule ugonjwa wa plaiwudi iliyonyeshewa. Chombo kiliendelea kutumiwa. Tarehe 18 Juni 2023 kilipondeka chini ya bahari, na watu wote 5 waliokuwamo wakafa. Ripoti ya Walinzi wa Pwani wa Marekani iliyotolewa Agosti 2025 iliilaumu kampuni kwa kutoichunguza hali ya kiwiliwili hicho baada ya dalili hizo.

Vihisi vya Titan vilifanya kazi yake yote. Kilichokosekana ni kile alicho nacho fundi wa Elburgon na nyundo yake, yaani mtu anayeuelewa mlio na mwenye mamlaka ya kukataa kupanda. Nyuzi za kioo zimeutenganisha ule usikivu na uamuzi. Kihisi kiko chini ya daraja, takwimu ziko kwenye kompyuta jijini Nairobi, anayezielewa ni mshauri aliyekwisha kulipwa na kuondoka, na mwenye uwezo wa kufunga barabara ni afisa ambaye hajawahi kuiona grafu hata moja.

Suala hili si la kinadharia kwa wakazi wa eneo hili. Upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, inayopita Nakuru na kuishia si mbali na Elburgon, ulizinduliwa Novemba 2025, na una madaraja yake. Matuta ya reli iliyopanda Mau mwanzoni mwa karne iliyopita bado yanapitisha mabehewa kwenda Kisumu. Mabwawa ya mashambani yamo katika mabonde mengi ya kaunti. Si kila mojawapo linahitaji vihisi. Daraja dogo la kijiji litafaidika zaidi na mtu wa kusafisha mifereji yake kabla ya mvua ya masika, kazi ambayo labda ingetosha pale Kijabe. Kwa yale makubwa, kandarasi ingepaswa kutaja mambo matatu ambayo ni nadra kutajwa: ni ofisi gani itasoma takwimu usiku wa manane, ni kipimo gani kikifikiwa barabara itafungwa au vijiji vitahamishwa bila ya kungoja mkutano, na nani atalipia kifaa cha kusomea kitakapozeeka.

Muda wa kuamua nao ni mfupi. Uzi wa kioo hulazwa kabla ya zege kumiminwa na kitambaa hutandazwa kabla ya tuta kushindiliwa. Baada ya hapo linalowezekana ni kuvibandika vihisi kwa nje, ambako vitapima uso wa zege na kuacha kiini chake bila wa kukisikiliza.